Kujiamini hakuji kwa maneno matupu: kutoka TP Mazembe hadi kwa mwanafunzi anayerudia mtihani wa serikali

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, hauhitaji kuuliza ni nani amefaulu. Unawaona barabarani kwa macho: vijana waliomwagiwa pudre nyeupe kutoka kichwani hadi mabegani, watatu juu ya pikipiki moja, wakiimba, na mama zao nyuma wakipiga vigelegele. Iko vile Goma, iko vile Bukavu, Butembo, Bunia, Kalemie na Lubumbashi. Kelele hizo hudumu hadi usiku.

Lakini katika kila mtaa kuna pia nyumba ambamo siku hiyo mlango haufunguliwi. Kijana yuko ndani, amezima simu. Mama anapika bila kusema neno. Jirani mwenye adabu anapita mbali ili asionekane kama amekuja kuuliza. Kijana huyo wa nyuma ya mlango ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, kwa sababu kuna mwaka ambao kijana huyo alikuwa mimi.

Baada ya siku tatu wageni walianza kuingia. Baba mdogo alikuja, wazee wa kanisa walikuja, rafiki wa kaka yangu alikuja. Wote walikuwa na dawa moja: "Jiamini." Mmoja aliniambia nisimame kila asubuhi mbele ya kioo niseme mara kumi kwamba mimi ni mshindi. Nilifanya hivyo, siwafichi, kwa karibu wiki mbili. Kisha jioni moja nilifungua karatasi za hesabu, nikakuta swali lilelile nililoshindwa mwaka uliopita, nikashindwa tena. Maneno yote ya kioo yaliyeyuka palepale. Nikabaki na swali ambalo hakuna mgeni aliyelijibu: huko kujiamini kwenyewe kunatoka wapi?

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kuna mtu aliyetumia maisha yake akilitafuta jibu la swali hilo. Anaitwa Albert Bandura. Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Mundare, jimbo la Alberta, Kanada, mtoto wa mwisho kati ya sita, wa wazazi waliohamia huko kutoka Ulaya ya Mashariki. Shule ya kijijini kwao ilikuwa na walimu wawili tu kwa masomo yote ya sekondari, na wanafunzi walilazimika kujifundisha wenyewe mambo mengi. (Nikisoma habari hiyo nilicheka. Nilidhani ni shule ya kwetu.) Alikuja kuwa profesa katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, na alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 95.

Bandura alianza na watu wanaoogopa nyoka. Siyo woga wa kawaida kama wetu sisi, ambao tuna sababu nzuri ya kumuogopa nyoka tukienda shambani. Hao walikuwa watu ambao hofu ilikuwa imewazuia hata kutembea kwenye majani au kulala usingizi. Hakuwaambia "jiamini". Aliwapa nyoka asiye na sumu na kazi ya kufanya kidogo kidogo: leo unamwangalia ukiwa mbali, kisha unasimama karibu, kisha unamgusa ukiwa umevaa glavu, kisha bila glavu, mwisho unamshika. Msaidizi anakuwa kando yako na anafanya kwanza mbele yako. Watu waliishi na hofu hiyo kwa miaka mingi, na ikawatoka kwa muda mfupi sana.

Alipowarudia baadaye kuuliza hali zao, walimweleza jambo ambalo hakulitarajia. Wengine walisema sasa wanajaribu mambo mengine waliyoyakimbia zamani, hata kusema mbele ya watu. Mtu aliyemshika nyoka alikuwa amepata habari mpya kuhusu nafsi yake. Mwaka 1977 Bandura aliandika makala iliyojulikana sana, ambamo alieleza kwamba imani ya mtu kwamba anaweza kufanya kazi fulani ndiyo inayoamua kama ataianza, atatia bidii kiasi gani, na atavumilia kwa muda gani mambo yakiwa magumu. Angalia vizuri maneno "kazi fulani". Hakusema juu ya kujipenda, wala juu ya kujiona bora kuliko wengine. Fundi seremala anaweza kujiamini mbele ya mbao na kutetemeka mbele ya maikrofoni, na hakuna ubaya.

Imani hiyo, kwa mjibu wake, inalishwa na mambo manne: yale uliyoyafanya wewe mwenyewe ukafaulu, yale unayoona wenzako wakiyafanya, maneno ya watu unaowaheshimu, na jinsi mwili wako unavyosikia wakati wa kazi. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Ili kulielewa hilo, sisi Wakongomani hatuhitaji kwenda Stanford. Turudi Abu Dhabi.

Desemba 2009, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikwenda huko kucheza Kombe la Dunia la vilabu kwa mara ya kwanza, ikiwa bingwa wa Afrika. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Pohang Steelers ya Korea ya Kusini. Bedi Mbenza aliifungia Mazembe kwanza, watu wakaanza kushangilia, lakini kipindi cha pili Wakorea walirudisha na kuongeza: 2-1. Ikabaki mechi ya kutafuta nafasi ya tano, na Auckland City ya New Zealand, timu ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Mazembe ilishindwa tena, 3-2. Ilirudi nyumbani ikiwa imepoteza mechi zote mbili, na mitaani watu hawakuwa na huruma.

Mwaka uliofuata Mazembe ilitwaa tena ubingwa wa Afrika. Katika fainali iliipiga Espérance ya Tunis mabao 5-0 mjini Lubumbashi, kisha ikatoka sare ya 1-1 kule Tunisia. Kwa hiyo Desemba 2010 ilirudi Abu Dhabi. Safari hiyo ilikuwa bila Trésor Mputu, nyota wake mkubwa, ambaye FIFA ilikuwa imemfungia. Ungeuliza mtu wakati ule, angekuambia timu imekwenda kutembea.

Ilikutana kwanza na Pachuca ya Meksiko. Bao lilikuwa moja tu, na mfungaji alikuwa Bedi, yuleyule aliyefunga mwaka uliopita akaondoka na machozi. Tarehe 14 Desemba ikaja nusu fainali na Internacional ya Brazili, bingwa wa Amerika ya Kusini. Wabrazili walishambulia, golikipa Robert Kidiaba akaokoa mpira baada ya mpira. Katika kipindi cha pili Mulota Kabangu akafunga. Wabrazili wakaongeza nguvu, na zikiwa zimebaki dakika chache Dioko Kaluyituka akafunga la pili. Kidiaba alikaa chini akarukaruka kwa makalio uwanjani, na dunia nzima ikacheka pamoja naye. Kwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ilikuwa imefika fainali ya kombe hilo.

Wapo wanaosema ushindi ule ulikuwa bahati, na wengine wanasema mambo mabaya zaidi ambayo watu wa mpira husema siku zote. Mimi naona kitu kingine. Wachezaji wale walikuwa wamekwisha kuonja uwanja ule, taa zile, kelele zile, aibu ile. Mwaka 2009 waliongoza dhidi ya Pohang, na hilo halikufutwa na matokeo: walijua kwamba kuifunga timu ya bara jingine ni jambo linalowezekana, na walijua pia ni wakati gani walilegea. Kocha wao Msenegali, Lamine N'Diaye, hakuwa na haja ya kuwapa ndoto. Walikuwa na kumbukumbu, na baina ya Desemba moja na nyingine walikuwa wamecheza mechi nyingi ngumu katika Afrika na kuzishinda.

Fainali waliipoteza, 3-0 mbele ya Inter Milan ya akina Samuel Eto'o. Hilo nalo liandikwe. Kujiamini hakukuongezea Mazembe pesa za Inter wala wachezaji wa Inter.

Sasa nirudi kwenye nyumba ile yenye mlango uliofungwa. Kaka yangu mkubwa hakunipa hotuba. Yeye alileta mafungu ya fotokopi ya maswali ya miaka iliyopita, akaniambia kila jioni nifanye maswali kumi, siyo zaidi, na niandike kwenye daftari nimepata mangapi. Alichagua mwenyewe kwa kuanzia yale ya daraja la chini, ambayo mimi niliyadharau. Siku ya kwanza nilipata manne. Nilikasirika sana. Baada ya wiki nilikuwa ninapata sita, mara nyingine saba. Kisha akaleta saa, akaanza kunipimia dakika, nikaanguka tena hadi matano. Hakusema pole. Alisema tu: "Kesho."

Kufika mwezi wa tatu nilikuwa na daftari lililojaa hesabu hizo, na siku moja nikalipekua kuanzia mwanzo. Hakuna mtu aliyeweza kuniambia tena kwamba sina akili ya hesabu, hata mimi mwenyewe, kwa sababu ushahidi ulikuwa mikononi mwangu kwa kalamu ya buluu. Nilifaulu mwaka ule. Siyo kwa asilimia ya kujivunia, lakini pudre nilimwagiwa.

Kuna wanasayansi wengine ambao kazi zao zinanifanya niwe na wasiwasi na dawa ya kioo. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walikusanya na kupitia tafiti nyingi zilizofanywa juu ya kujithamini. Walikuta kwamba kumfanya mwanafunzi ajione mzuri hakumfanyi apate alama nzuri. Mara nyingi ni kinyume, alama nzuri ndizo zinazomfanya ajione mzuri. Mwaka 2009, Joanne Wood wa chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, alionyesha na wenzake kwamba watu wasiojithamini, wakirudiarudia sentensi nzuri kuhusu wao wenyewe, wanaweza kusikia vibaya kuliko mwanzo. Naelewa kabisa. Unasema "mimi ni mshindi" na kuna sauti ndani inayokujibu: wapi?

Gabriele Oettingen, Mjerumani anayefundisha New York, yeye alitofautisha vitu viwili ambavyo tunavichanganya. Mwaka 1991 alitoa utafiti uliofanywa kwa wanawake waliokuwa wanajaribu kupunguza uzito. Wale waliotarajia kufaulu walipunguza zaidi. Lakini wale waliokuwa wakiota ndoto tamu, wakijiona tayari wamekuwa wembamba na wanasifiwa, walipunguza kidogo kuliko wenzao. Ndoto ilikuwa imewalipa mshahara kabla ya kazi. Siku hizi kuna watu wanaokusanya vijana katika kumbi za miji yetu, wanawatoza pesa za kuingia, wanawaambia wafumbe macho wajione wakiwa ndani ya gari kubwa. Sitaki kumharibia mtu biashara yake. Nasema tu kwamba kijana anayetoka pale akiwa na furaha nyingi namna hiyo, aangalie kesho yake asubuhi atafanya nini saa mbili.

Jambo la pili la Bandura, kuona mwenzako akifanya, ni muhimu sana kwetu, na lina sharti lake: huyo mwenzako lazima afanane na wewe. Ukimwambia mama anayeuza makala huko Kadutu kwamba tajiri fulani wa Marekani alianza na dola moja, atakusikiliza kwa heshima na kuendelea kupanga makala yake. Akimuona jirani yake, waliyepanga naye meza, ameongeza gunia la pili, hapo ataamka.

Ndiyo maana mimi nina imani na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, vile vinavyoitwa AVEC, vilivyoenea katika Kivu zote mbili. Unajua vinavyofanya kazi. Wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kadiri anavyoweza, pesa zinawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mama aliyezoea kusikia kwamba mwanamke hajui pesa, siku ya kwanza anakopa kidogo sana, mkono unatetemeka. Anarudisha mbele ya wote. Wanahesabu, wanaandika. Mara ya pili anakopa zaidi. Mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa na wanagawana. Ameona wenzake wakifanya, na wenzake wamemuona yeye. Hapo hakuna aliyehubiri kujiamini, lakini mwangalie mama huyo akiingia sokoni mwaka wa pili.

Maneno ya wengine, ambalo ni jambo la tatu, yana kazi yake lakini ni ndogo kuliko tunavyodhani, na uzito wake unategemea nani anasema. Ninaloweza kuongeza ni kwamba maneno yanabomoa upesi kuliko yanavyojenga. Mwalimu anayemwambia mtoto mbele ya darasa "wewe, hesabu siyo zako" anaweza kuimaliza kazi ya miaka mitatu kwa sentensi moja.

Na mwili: moyo unaodunda kabla ya mtihani siyo alama kwamba utashindwa. Tarehe 28 Januari 2024 kule San-Pédro, Côte d'Ivoire, Kongo na Misri walitoka sare ya 1-1 na kwenda kwenye penalti. Zilipigwa hadi ikafika zamu ya magolikipa. Wa Misri alikosa. Lionel Mpasi wetu akauchukua mpira, akapiga, 8-7. Sidhani moyo wake ulikuwa umetulia. Alipiga hivyohivyo.

Nimefika mahali ambapo lazima niseme jambo lisilopendeza. Katika sehemu zetu hizi neno "jiamini" linaweza kuwa tusi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma, kisha Bukavu, ziliingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Watu waliokuwa kwenye kambi za wakimbizi pembeni ya mji walitawanyika na mabanda yao, na watoto wengi walipoteza masomo. Mtoto aliyekimbia mara tatu, aliyeacha madaftari njiani, ukimwambia kwamba tatizo lake ni kutojiamini, umemdanganya na umewaachilia wanaostahili kuulizwa. Imani ya mtu katika uwezo wake haifungui benki wala haileti mwalimu anayelipwa.

Hata hivyo nimeona pia upande wa pili, na ningekosea nikiuacha. Denis Mukwege alikuwa daktari huko Lemera, Kivu ya Kusini. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa kwenye vitanda vyao pamoja na wafanyakazi. Mwaka 1999 alianza tena Bukavu, huko Panzi. Alitaka kwanza kuwasaidia wanawake wajawazito; mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtu huyo hakuanza upya kwa sababu mambo yalikuwa mazuri. Alianza na kitu alichokuwa anajua mikono yake inaweza kukifanya, yaani upasuaji, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na tangu kwanza amekuwa akisema wazi kwamba upasuaji peke yake hautoshi, kwamba wenye hatia wanapaswa kuhukumiwa. Yote mawili kwa pamoja. Sioni kwa nini sisi tuchague moja.

Kwa hiyo wazazi wanaoniuliza wafanye nini na mtoto aliyeshindwa, nawajibu kwa vitu vidogo. Msimpeleke kwanza kwenye mkutano wa maombi wa kumuondolea roho ya kushindwa, maana akitoka pale ataanza kujiogopa. Tafuteni ni somo gani lilimwangusha. Tafuteni mtu wa mtaa wenu aliyeshindwa mara ya kwanza na kufaulu mara ya pili, wakae pamoja jioni moja, bila nyinyi. Mpeni kazi nyepesi ya kuanzia, nyepesi hadi aone haya, na daftari la kuandika anachopata. Pesa ya fotokopi ikikosekana, wanafunzi watano wanaweza kuchangia fungu moja.

Mlango wa pili kutoka kwangu kuna binti anayejiandaa kurudia mwaka huu. Mchana anamsaidia mama yake kuuza ndizi, usiku anasoma kwa taa ya simu ikiwa kuna chaji. Wiki iliyopita alikuja kuniomba saa ya mkononi. Nilimuuliza anapata mangapi kwa kumi. "Matano, papa," akasema. "Lakini bila kuangalia majibu." Nikavua saa nikampa. Bado hajairudisha.